Mwaka wa Sindano ya Spesioza

Tulimzika Spesioza Jumamosi, na kabla watu hawajakung'uta udongo viatuni nilikuwa nimeshaanza kumwonea wivu. Nyumba ya binti yake kule Kimihurura ilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi za nje, na kila aliyesimama kumzungumzia marehemu alianza na habari ya mikono. Wauguzi vijana walisimulia alivyowafukuza wodini kwa sababu ya pete, kwa sababu ya kucha ndefu, kwa sababu ya saa ya mkononi ambayo mtu alisahau kuivua. Daktari mmoja mwenye mvi alisema mpaka leo hawezi kumgusa mgonjwa bila kumsikia Mama Spesioza nyuma yake akiuliza, "Umenawa?" Watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na dirisha na soda yangu isiyonyweka, nikawaza: neno hilo lilikuwa langu. Nililisema kabla yake, katika wodi ileile, na hakuna aliyecheka wala aliyelia. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, magoti yananiuma, rafiki yangu wa maisha yote ndio kwanza amefukiwa, na bado moyo wangu ulikuwa unahesabu sifa za nani zimezidi za nani. Binti yake akaja akanishika bega. "Mama mkubwa, na wewe sema kidogo. Wewe ulimjua kabla yetu sote." Nilisimama, nikasema maneno ya heshima, nikaketi. Niliyoyabakiza ndiyo haya.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Vita vilikuwa kaskazini, mbali kidogo na sisi, lakini watu waliovikimbia walikuwa wamejaa kwenye kambi pembezoni mwa mji, na wanawake wao walikuja kujifungulia kwetu. Mimi na Spesioza tulikuwa wakunga katika hospitali moja ya Kigali, na tulipanga chumba kimoja Muhima, nyuma ya duka la vitambaa. Kilikuwa na vitanda viwili, meza moja, kiti kimoja karibu na mlango, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Jiko la mkaa lilikaa nje. Nilikuwa nimemtangulia shuleni kwa mwaka mmoja, na niliona kwamba hilo linanipa haki ya kumwelekeza. Yeye alikuwa mrefu, mwenye sauti inayosikika mpaka barabarani. Nguo zake zililala sakafuni, viatu vyangu alivivaa bila kuomba, na akiimba alisahau chungu mpaka maharage yakaungua. Mimi nilizaliwa Biryogo, mtaa wa Waswahili hapohapo mjini, ambako watoto hugombana kwa Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili chake cha kuokoteza kilinikera; neno "iko" lilifanya kazi zote. "Chumvi iko wapi? Wewe iko na hasira?" Nikimsahihisha alinikodolea macho yake makubwa na kusema, "Sha," kama wanavyoitana marafiki kwetu, "umeelewa ama hukuelewa?" Nilikuwa nimeelewa. Tulikula kwenye sahani moja, ugali wa muhogo na isombe, yaani kisamvu, au maharage, tukiwa tumekaa ukingoni mwa kitanda changu kwa sababu chake hakikuwahi kutandikwa.

Kazini nilikuwa mimi ndiye mwenye sheria. Lazima nieleze hali ilivyokuwa, maana wauguzi wa leo wanachomoa glovu mpya kwenye boksi kama mtu anayechomoa karatasi ya kujifutia pua. Sisi tulizifua. Tulizianika kwenye kamba nyuma ya jengo la kufulia, vidole vikining'inia, kisha tukazipaka poda na kuzirudisha kwenye mashine ya mvuke. Zilizotoboka tulizigundua kwa kuzipuliza kama maputo. Maji ya bomba yalikuja yanapotaka. Na ugonjwa ulikuwapo, sida, yaani UKIMWI, kila mtu akiujua kwa jina na hakuna akiutaja mbele ya mgonjwa. Sheria zilikuwa chache: nawa kabla na baada ya kila mama, vaa glovu kwa damu yoyote, na sindano ikishatumika usiirudishie kofia yake, itupe moja kwa moja kwenye kopo. Mimi nilizifuata zote. Ngozi ya vidole vyangu ilipasuka kwa klorini, na wenzangu walinipachika jina, Javeli, ndilo jina la ile dawa ya klorini, kwa sababu ya harufu iliyokuwa inanitangulia mlangoni. Nilipowakumbusha madaktari kunawa walinipita kama wanavyopita kiti. Masera Godeliva, mtawa aliyekuwa mkuu wa wodi yetu, alisema, "Vizuri, Saada," bila kuinua macho. Spesioza alinawa alipokumbuka. Kofia za sindano alizirudisha kwa mkono mmoja huku anapiga soga. Na akina mama waliokuwa na uchungu walimwita yeye. Nilikuwa naingia na mikono safi kabisa, mama ananitazama, anauliza, "Yule mwingine yuko wapi? Yule anayecheka?"

Halafu alikuwapo Faustini. Alifanya kazi maabara, kijana mpole mwenye miwani, na mchana alikuja kula pamoja nasi kwenye kibaraza cha jengo la kufulia, chini ya zile glovu zinazoning'inia. Siku moja alisema mbele ya watu, "Saada peke yake ndiye anayeniletea chupa ya damu isiyochafuka kwa nje." Wenzangu waliendelea kutafuna. Mimi nilikwenda na maneno yale nyumbani nikalala nayo. Kwa mtu kama mimi ilikuwa posa kamili.

Sindano ilimchoma Spesioza asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa amemchoma dawa mama mmoja mwembamba aliyejifungua usiku, akawa anarudisha kofia na kumjibu mtu aliyemwita kutoka mlangoni. Alikuja kwangu amenyoosha kidole juu kama mwanafunzi anayejua jibu. "Saada," alisema, basi. Nilimvuta mpaka kwenye bomba. Namshukuru Mungu siku ile maji yalikuwapo. Nikaiacha damu itoke, nikamwosha kwa sabuni, nikamwosha tena, sikumwambia neno la lawama ingawa lilikuwa limenijaa kinywani. Jioni Faustini alileta majibu ya yule mama, na uso wake ukayasema kabla hajafungua mdomo. Siku zile hapakuwa na kidonge cha kumeza ili kuuzuia ugonjwa kama ilivyo sasa. Ulipimwa, ukasubiri, ukapimwa tena baada ya miezi mingi, na katikati uliishi unavyojua.

Hapo ndipo wivu wangu ulipoanza kweli, na sijui mtu mwingine aliyewahi kuonea wivu jambo kama lile. Hospitali nzima ilimgeukia. Daktari mkuu, ambaye hakuwahi kunisalimia, alimrudisha Muhima kwa gari lake mwenyewe. Wapishi walimletea mayai. Masera Godeliva alimwondoa zamu za usiku na kumshika kichwa akamwombea, mbele yetu. Na Faustini akaanza kuja chumbani kwetu. Alikuja kila alipotoka kazini, akakaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, kofia magotini, akamuuliza kama amelala vizuri, kama amekula. Mimi nilikuwa nje napepea mkaa. Nilipika kwa ajili ya watu watatu, na wawili kati yao walikuwa wanaongea taratibu ndani. Siku moja nilirudi kutoka dukani na chumvi mkononi, nikasimama nje ya pazia, nikamsikia Faustini anauliza, "Na Saada? Ameichukuliaje?" Spesioza akajibu, "Saada iko kama ukuta. Huyo hahitaji mtu." Akalisema kwa upole, hata kwa sifa. Niliingia nikaweka chumvi mezani, nikawakaribisha chakula. Faustini akasema ameshiba, kama kawaida yake siku zile, akaaga. Mimi na Spesioza tukala, sahani yetu ileile, nami nikatafuna kwa hasira.

Huyo Faustini ningeweza kumwachia. Kilichonimaliza ni ile kazi. Wiki chache baadaye Masera alimwomba azungumze kwenye kikao cha asubuhi. Spesioza alisimama mbele ya madaktari, wauguzi na wafagiaji, akaonyesha kidole, na kwa kile Kifaransa chake kilichovunjika na Kinyarwanda kilichonyooka akasema mambo ambayo mimi nilikuwa nimeyasema hadi nimechoka. Usirudishie kofia. Nawa. Vaa glovu hata kama mama ni ndugu yako. Watu walilia. Kuanzia siku ile makopo ya sindano yalibandikwa kila pembe ya wodi. Madaktari walipanga foleni kwenye bomba, na maji yakikatika waliagiza kidumu. Akimwona mtu ananyoosha mkono kwa mgonjwa alipaza sauti yake ya barabarani, "Umenawa?", na mtu anarudi nyuma anacheka. Masera alimpa usimamizi wa jambo hilo zima. Alipotangaza, aliniangalia kidogo, akasema, "Saada atakusaidia." Nikasaidia. Nilichemsha, nilianika, nilipuliza vidole vya glovu kutafuta matundu. Nilijiambia kwamba la muhimu ni akina mama kuwa salama, na walikuwa salama zaidi, homa za baada ya kujifungua zilipungua waziwazi, na kila nilipoliona hilo nilisikia uchungu. Nimefikiria sana baadaye kwa nini ilikuwa hivyo. Nadhani watu hawamsikilizi aliyefuata sheria na kupona. Hana cha kuwaonyesha. Wanamsikiliza aliyechomwa.

Kipimo cha pili kilitoka kizuri katikati ya mwaka. Wodi ilipiga vigelegele mpaka watoto wakaamka. Faustini alimwomba wachumbiane katika juma lileile, na Spesioza akaja kuniambia akiwa amevaa viatu vyangu. Nikampongeza. Nikamkumbatia. Kisha nikaenda uani nikasugua sufuria ambazo zilikuwa zimeshasuguliwa.

Ilikuwa baada ya hapo, mchana mmoja wa mvua, ndipo walipomleta Verena kutoka kambini. Alikuwa mdogo, pengine hajatimiza miaka ishirini, na mtoto alitoka upesi bila taabu, wa kike. Kondo la nyuma halikutoka. Damu ilianza kumwagika, kwanza kama inavyomwagika kwa kila mama, kisha kama bomba lililopasuka. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, glovu zote zimo ndani ya mashine ya mvuke iliyozima katikati ya kazi, zingine zinaloa kwenye kamba. Daktari alikuwa upasuaji, jengo la pili. Tulikuwa wawili tu chumbani, mimi na Spesioza.

"Hakuna glovu," alisema.

"Najua."

"Saada, usiingize mkono. Ngoja daktari. Nimetuma mtu."

"Akingojea daktari atakufa."

"Iko na kidonda!" Alikuwa anatazama kidole changu cha shahada, nilipokuwa nimejikata jana yake na kopo la nyanya. "Sha, nakuomba. Mimi najua ilivyo. Wewe hujui."

Nadhani neno lile la mwisho ndilo lililonisukuma, ingawa ningeingia hata bila hilo. Nilinawa mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni, kwa maji ya kidumu, nikajimiminia spiriti ambayo iliniunguza pale kwenye kidonda. Sikunawa kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nimeshatoka kwenye hesabu. Nilinawa ili nisimpelekee Verena uchafu ndani. Kisha nikaingiza mkono mtupu, damu ya moto mpaka juu ya kifundo cha mkono, nikalitafuta kondo kwa ncha za vidole, nikalibandua polepole kama mtu anayemenya chungwa gizani, nikalitoa. Nilimkanda tumbo mpaka mji wa uzazi ukajikaza chini ya kiganja changu kama ngumi. Damu ikapungua, ikakoma. Daktari aliingia ameloa mvua, akaangalia, akasema, "Vizuri. Mmefanya vizuri." Mmefanya! Nilikumbuka hilo kwa wiki nzima kuliko nilivyokumbuka hatari.

Jioni ile chumbani Spesioza alitaka kwenda kwa Masera. Nikamkataza. "Usimwambie mtu yeyote. Na Faustini ndiye wa kwanza kutomwambia." Nilitegemea kwamba hataweza, yeye ambaye hata ndoto zake alizitangaza. Aliweza. Verena alipimwa hospitalini kwa ajili ya kuongezewa damu, na mimi sikuuliza majibu yake, sikutaka Faustini aone nauliza. Nilipanga kwenda kupimwa mahali pengine, kimya, na kuzisubiri siku zangu peke yangu. Ukuta hauhitaji mtu. Lakini kila nilipotoka zamu nilikuta maharage yamepikwa, hayakuungua. Sare zangu zimefuliwa. Kitanda chake kimetandikwa, jambo lililonitia hofu kuliko damu. Siku moja alinipakulia akanisogezea sahani, akaketi kunitazama, na mimi nikalipuka.

"Hata hili unalitaka? Umechukua kila kitu, sasa unataka na hofu yangu?"

"Nimechukua nini?"

Nikamwambia. Gari la daktari, mayai, maombi ya Masera, kikao cha asubuhi, Faustini kwenye kile kiti. Nilivitaja kimoja kimoja, na nilivyokuwa navitaja niliona uso wake unabadilika, lakini si kwa hasira.

"Daktari," alisema, "alitandika gazeti kwenye kiti kabla sijakaa. Hukuona, ulikuwa ndani. Mayai yalikuja kwenye sahani ya bati, nikaambiwa hiyo sahani nisiirudishe jikoni, ibaki na mimi. Masera alinishika kichwa, ndiyo. Halafu akanawa. Wote walinawa, Saada. Wakinisalimia, wananawa. Niliwafundisha mimi mwenyewe kunawa, na kila mara nilikuwa najiuliza wananawa sababu ya wagonjwa ama sababu yangu. Na Faustini, uliwahi kumwona ametoka kwenye hicho kiti? Uliwahi kumwona amekula hapa? Hakunishika mkono hata siku moja. Alingoja majibu kwanza."

Ni kweli kiti kile hakikuwahi kusogea kutoka mlangoni, na mimi nilikuwa nakitazama kila siku.

"Wewe tu," alisema, "ndiye uliendelea kula na mimi sahani moja. Kikombe kimoja. Ulikuwa umenuna, ulikuwa huongei, lakini ulikula. Mimi nililala najiambia, Saada ananipenda."

"Haikuwa upendo," nilimwambia, maana ilibidi nimwambie. "Nilikula kwa sababu sida haipiti kwenye maharage."

Akaanza kucheka, kile kicheko kilichonikera mwaka mzima, mpaka mke wa mwenye duka akagonga ukuta. "Najua, sha," alisema. "Lakini nilihitaji mtu anayejua."

Nilimuuliza kama bado ataolewa na mtu wa namna hiyo. Akainua mabega. "Aliogopa. Nani hakuogopa? Mimi mwenyewe nilikuwa najiogopa." Walioana kabla ya Krismasi. Binti yao alizaliwa mwaka uliofuata mikononi mwangu, na huyo ndiye aliyenishika bega kule Kimihurura. Faustini hakuvuka mwaka wa tisini na nne, wala Masera, wala wengi wa wale waliolia kwenye kikao cha asubuhi, na nilipomwona Spesioza akiwa hai tena tulikuwa tumebaki wachache mno kuweza kuulizana nani alipendwa zaidi. Niliolewa baadaye, na mwalimu, mtu mwema. Vipimo vyangu vyote vilitoka vizuri. Spesioza alinisindikiza kuvichukua, tukarudi kwa miguu. Ningependa kuandika kwamba wivu uliishia kwenye ile sahani. Ulipungua tu, ukakaa ndani yangu kama mpangaji ambaye humdai wala humfukuzi.

Mwishoni mwa mwaka ule, siku ya chanjo za watoto, Verena alirudi. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipita benchi niliyokaa, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Spesioza, akampa mtoto ampakate. "Mtoto wako," alisema. "Nimempa jina lako." Wauguzi wote wakageuka. Nilishusha macho kwenye pamba nilizokuwa nakata, nikajiambia, haya, na hili pia.

"Si mimi niliyekuokoa," Spesioza akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Aliyeingiza mkono ni Saada. Yule pale. Mimi nilisimama tu, niliogopa."

Verena akageuka akanitazama. Alikuwa na adabu, akaja akanishika mikono yote miwili, akanishukuru. Lakini alionekana kama mtu anayeelekezwa nyumba ambayo siyo.

"Asante, mama. Mimi sikuona mikono ya mtu," alisema. "Macho yalikuwa giza. Nilikuwa nakwenda. Lakini kulikuwa na mtu kichwani kwangu, ananipiga mashavuni, ananiambia, Verena usilale, mtoto wako iko hapa, Verena usilale. Aliniita mpaka mwisho. Ile sauti ndiyo niliyoishika." Akamwonyesha Spesioza kwa kidevu. "Ni yake."

Nilimtazama Spesioza. Alikuwa ameinamisha uso juu ya mtoto, na sikuona kama alikuwa anakumbuka. Mimi pia sikukumbuka. Nilikuwa nimeinama upande wa pili wa kitanda kile, katika chumba kilekile kidogo, na katika sauti yote ile sikuwa nimesikia hata neno moja.